Mkwe Nyuma ya Shuka

Mume wangu hajawahi kumwona mama yangu, na mama yangu hajawahi kumwona mume wangu. Tuna miaka minane ya ndoa na mtoto wa miaka sita, na tunaishi kiwanja kimoja chini ya milima ya Chuska, nyumba yetu huku, ya Mama kule, katikati zizi la kondoo. Nyumba zinaonana kila siku. Wenyewe hawaonani.

Ndivyo ukwe ulivyo kwetu sisi Wanavajo. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Ni heshima, na wazee wanasema atakayeivunja macho yake yataingia giza. Siku hizi wengi wameacha. Kuna watu wanakaa sofa moja na mama wakwe zao, wanatazama mpira wa kikapu na kugombea bisi. Mama yangu hajaacha. Leland alipoleta posa, sharti la Mama lilikuwa hilo moja tu, na Leland, ambaye wakati ule angekubali hata kulala zizini, akakubali.

Msidhani hawapendani. Leland humpasulia Mama kuni alfajiri na kuzipanga ukutani kwake kabla mwenyewe hajatoka nje. Mama akichinja kondoo, mbavu nono zinakuja kwetu. Wamependana kwa kuni na nyama miaka yote hii. Hata maneno hawapeani. Anayeyabeba ni mimi.

"Mwambie mumeo mlango wa zizi umelegea."

"Mwambie Mama nitautengeneza Jumamosi."

"Mwambie Jumamosi kondoo watakuwa wameshafika Albuquerque."

Mjumbe hauawi, wanasema. Hawajasema kama hachakai.

Mama hutembea na furushi la funguo kiunoni, nyingi za magari yaliyokwisha kufa zamani, ili akija zilie tumsikie. Nimemwona Leland, mtu mzima, mwalimu wa shule, akiacha uji wake wa mahindi mezani na kupotelea bafuni kwa mlio wa funguo. Mara nyingine Mama hukaa kuliko ilivyo lazima, anasifia mapazia yangu, anaomba kahawa ya pili, na najua anafanya makusudi.

Mwaka huo Leland alikuwa kwenye mwaka wa majaribio katika shule ya hapa kwetu, darasa la kwanza. Mimi nilikuwa jikoni, napika chakula cha watoto hao hao. Mkaguzi wa wilaya, Bi. Haverlin, mwanamke mrefu wa Kizungu mwenye sauti ndogo, alikuwa amekwisha kuja mara mbili kumtazama akifundisha, na mara zote mbili mambo yalikwenda kombo. Somo lilikuwa rasilimali za uzalishaji. Maana yake, ili kitu chochote kitengenezwe, lazima pawe na vitu vya ardhi, pawe na watu wa kufanya kazi, na pawe na vifaa vya kufanyia kazi hiyo. Si jambo gumu. Lakini kitabu kilieleza kwa picha ya watoto wanaouza maji ya ndimu mbele ya nyumba yao. Hapa kwetu mbele ya nyumba hapapiti mtu, labda ng'ombe wa jirani aliyepotea. Mtoto mmoja aliuliza ndimu inachimbwa wapi. Mwingine, Darrion, alilala mezani mpaka ute ukamtoka. Mara ya pili Leland akaleta picha za kiwanda cha viatu, na Darrion akalala tena.

Bi. Haverlin alimwambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniogopesha, kwamba atarudi mara moja tu, na kama hali itakuwa ile ile, mkataba hautaendelea.

Kama mkataba usingeendelea, tungehamia Phoenix. Kaka yake Leland alikuwa na kazi ya kumpa huko, kwenye bohari ya matairi. Ni safari ya karibu siku nzima kwa gari letu lile, kwenye joto linaloyeyusha viatu, na Mama angebaki peke yake na kondoo wake na mbwa. Ndugu zangu wote walishatawanyika. Nilikuwa nimemwambia Leland nitamfuata popote, kwa sababu mke mwema husema hivyo. Lakini sikutaka kwenda. Niseme wazi, sikutaka kabisa. Kila nikisafisha sufuria kule jikoni shuleni nilikuwa nafikiria nani atamsaidia Mama kukata sufu.

Mama mwenyewe hakusema neno juu ya Phoenix. Aliacha tu kunigombeza. Niliacha ndoo nje ikaganda, hakusema kitu. Nilijua hapo kwamba anaumia.

Jioni moja Leland alikuwa mezani na kile kitabu chake, kichwa mikononi.

"Achana na ndimu," nikamwambia. "Hawa watoto wanajua nini? Wanajua kondoo. Wafundishe kwa zulia. Kila kitu kimo humo."

Akainua kichwa. "Nani atakuja kufuma darasani? Shangazi yako?"

"Nyonga imemgomea. Yuko hospitali mpaka mwezi ujao."

"Basi nani?"

Wote wawili tukajikuta tunatazama dirishani, upande wa nyumba ya Mama, moshi unatoka.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini? Sijasema kitu."

"Umefikiria, Bernita. Nimekuona ukifikiria."

"Na wewe umefikiria, ndiyo maana umeniona."

Nilikwenda kwa Mama kesho yake. Alikuwa anasokota uzi, kijiti kinazunguka pajani, sufu inarefuka. Nikamweleza. Akasokota hadi nikadhani hakusikia.

"Mwambie mumeo amerukwa na akili," akasema.

"Wazo ni langu, Mama."

"Basi umemwambukiza." Akasokota tena, uzi ukakatika, akauunga kwa mate. Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Hilo darasa lina milango mingapi?"

Nikajua atakuja.

Lilikuwa na milango miwili, Mungu asifiwe, mmoja wa ukumbini na mmoja wa kutokea uwanjani. Asubuhi ya siku ile nilitundika shuka kubwa la bluu kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, likagawa darasa vipande viwili. Nyuma yake dirisha, ubao na Leland. Mbele yake watoto, vikapu vitatu, kiti cha mkaguzi, na nafasi ya Mama. Leland aliingia kwa mlango wa uwanjani akajifungia upande wake. Ndipo funguo zikalia ukumbini.

Mama alikuwa amevaa sketi yake ya mahameli na ushanga wake wa feruzi wa harusini. Mlinzi wa shule alimbebea kitanda cha mfumi, fremu yake ya mbao ya kufumia, kile kidogo, chenye zulia lililofika robo tatu: kijivu, nyeupe, na kahawia ya maganda ya jozi. Kitu cha kwanza alichofanya Mama ni kulishika lile shuka kwa vidole viwili.

"Hili si la kitandani kwenu?"

"Limefuliwa, Mama."

"Sikuuliza kama limefuliwa."

Nyuma ya shuka mtu alikohoa.

Mama akatandika ngozi yake ya kondoo sakafuni, akakaa, miguu upande, kitanda cha mfumi mbele yake, na watoto wakapanga mstari kumpa mkono. Kila mmoja alitaja ukoo wake kama walivyofundishwa nyumbani, na Mama akawa anawapangia: wewe ni mjukuu wangu, wewe ni dada yangu mdogo, wewe sijui, nitauliza. Alipofika Darrion, pua inamvuja, kiatu kimoja hakijafungwa, Mama alisikiliza koo zake akatikisa kichwa.

"Basi wewe ni babu yangu," akamwambia. "Shikamoo, babu. Futa pua."

Darasa zima likacheka. Darrion akafuta pua kwa mkono wa sweta na kukaa karibu kabisa na Mama, kifua mbele, maana cheo kilikuwa kimeingia.

Bi. Haverlin akaingia na karatasi zake. Akatazama shuka, akatazama Mama, akatazama kila pembe.

"Mwalimu yuko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya shuka," akasema Talia, mtoto ambaye kwa kawaida hasemi. "Hawezi kumwona Bibi. Wakionana watapofuka."

"Samahani?"

Nilimsogelea nikamweleza kwa Kiingereza changu cha jikoni, haraka haraka, ukwe, heshima, Mama, Leland. Alinisikiliza bila kupepesa. Sikuweza kujua anafikiria nini. Akasema, "Naelewa," kwa namna ya mtu asiyeelewa, akakaa, akaandika kitu.

Halafu tukagundua kosa letu. Tulifikiria milango, tulifikiria kamba, hatukufikiria jua. Dirisha lilikuwa nyuma ya Leland, na jua la asubuhi lilipopanda, kivuli chake kikatokea kwenye shuka, kikubwa, kimesimama ubavu, na tumbo lake lote. Mama aliinua macho akakiona. Nikashika kifua.

Akakitazama kwa utulivu kabisa.

"Kivuli si mtu," akaamua. Halafu akanigeukia. "Mwambie mumeo amenenepa."

"Mama."

"Mbavu zangu zimemkubali. Mwambie."

Kivuli kikavuta tumbo ndani. Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini, na mimi, pamoja na hofu yangu yote, nikacheka nao.

Sauti ya Leland ikatoka.

"Watoto, mimi leo sioni kitu. Ninyi ndio macho yangu. Kuna vikapu vitatu hapo mbele. Chenye picha ya mlima ni cha vitu vinavyotoka ardhini, tusivyovitengeneza sisi. Chenye picha ya mkono ni cha watu wanaofanya kazi. Chenye picha ya nyundo ni cha vifaa. Sasa niambieni, Bibi ameshika nini?"

Watoto wakatazamana. Nikamwona Bi. Haverlin anaandika. Hii ndiyo ile ile, nikasema moyoni, ndimu tena.

"Sufu," akasema Talia taratibu.

"Siioni. Ikoje?"

"Nyeupe. Ina majani ndani."

"Imetoka wapi?"

"Kwa kondoo."

"Na iende kikapu gani?"

Hapo ukazuka ugomvi. Wengine wakasema mlima, kwa sababu kondoo anakula majani ya mlima. Wengine wakasema mkono, kwa sababu kondoo hajikati sufu mwenyewe. Mama, aliyekuwa anasikiliza, akaingilia kwa Kinavajo.

"Mwambieni mwalimu wenu kondoo hajileti. Asubuhi nani anampeleka malishoni?"

Watoto watatu wakainama chini ya shuka, wakaingiza vichwa upande wa pili, na wote watatu wakamweleza Leland kwa mpigo mmoja kwamba kondoo hajileti. Na jibu la swali la Bibi, walisema, ni mbwa.

"Mbwa aende kikapu gani?" Leland akauliza.

Mnaweza kucheka, lakini mjadala wa mbwa ulikuwa mkali kuliko mikutano ya wilaya. Kuna waliosema mbwa ni wa mlima, ni mnyama. Shandiin, binti yangu, alisema mbwa ni kifaa kwa sababu tunamtumia. Mtoto mmoja akamjibu kwamba basi hata wewe ni kifaa, mama yako anakutuma kuni. Mwishowe wakamuuliza Mama.

"Mbwa wangu ni wa kikapu cha watu," akasema Mama. "Anafanya kazi kuliko mjomba wenu, na halalamiki."

Mjumbe mwingine akaenda chini ya shuka. Leland akasema Bibi ana hoja, lakini yeye angependa mbwa awe wa mlima, na aliomba watoto wamfikishie Bibi jambo hilo kwa heshima. Wakamfikishia. Mama akasema mwambieni tutaonana, halafu akakumbuka akasema hapana, hatutaonana, mwambieni tutaongea.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kinachotokea. Leland alikuwa haoni kweli. Hakuwa anauliza kama walimu wanavyouliza, wakati jibu wanalo mfukoni. Akitaka kujua Mama anafanya nini ilibidi mtoto amwambie, na mtoto akimwambia vibaya, hakuelewa, akauliza tena. Ilibidi wao watafute maneno. Anapitisha uzi wa kulala katikati ya nyuzi zilizosimama. Nyuzi zipi zimesimama? Za mtande, Mwalimu, zimefungwa juu na chini. Halafu? Halafu anaupiga chini. Anaupiga na nini? Na uma. Uma wa kulia nyama? Hapana, Mwalimu, wa mbao, ni chanuo, anaupiga hivi, dum, dum. Watoto kumi na saba, na kila mmoja alikuwa amekwisha sema kitu. Kuna mmoja sikuwa najua kama ana sauti.

Wakamweleza Leland jinsi Mama alivyo na kijiti chembamba cha chuma kwa ajili ya juu kabisa, pale nafasi inapobana na mkono haupiti. Kilikuwa ubavu wa mwavuli uliovunjika. Kikaenda kikapu cha nyundo bila ubishi. Maji ya kuchemshia rangi, mlima. Mama mwenyewe hakutosha kikapuni, kwa hiyo wakaweka kitambaa chake cha kichwani kwenye kikapu cha mkono, na yeye akasema wamrudishie kabla hajapata mafua.

Darrion hakuwa amesema chochote kwa muda. Wala hakuwa amelala. Alikuwa ameshika chanuo la Mama, kitu ambacho Mama hampi mtoto yeyote, lakini babu ni babu.

"Nani alilitengeneza?" akamuuliza.

"Mjomba wangu. Alilichonga kwa mwaloni wa kule juu."

"Kwa hiyo lilikuwa mti."

"Ndiyo, babu."

"Mti ni wa kikapu cha mlima."

"Ndiyo."

"Halafu mjomba wako akafanya kazi." Akatazama kikapu cha mlima, akatazama cha mkono, akatazama cha nyundo, kidole kikienda hewani kimoja baada ya kingine. "Limehama."

"Nini kimehama?" Leland akauliza kutoka nyuma.

"Chanuo. Lilikuwa kikapu hiki, mtu akalifanyia kazi, likaenda kikapu kile. Na sasa linafanya kazi na Bibi, ili..." Akakwama. Akalitazama zulia. "Ili sufu na yenyewe ihame."

Bi. Haverlin alikuwa ameacha kuandika, kalamu imesimama hewani.

"Darrion," Leland akasema, na sauti hiyo naijua, ndiyo aliyonitolea siku mtoto wetu alipozaliwa, "njoo uniambie tena."

Darrion akanyanyuka na chanuo mkononi akaenda. Wenzake wote walikuwa wanainama chini ya shuka. Yeye hakuinama. Furaha ilimzidi, akaenda moja kwa moja kama mtu anayeingia kwao, shuka likamzunguka, kiatu kile kisichofungwa kikakanyaga pindo, msumari ukachomoka ukutani, na shuka lote likaanguka chini juu yake.

"Funga macho!" nilipiga kelele, sijui nikimwambia nani.

Mama alifunika uso kwa viganja. Leland alikuwa amegeuka kabisa, paji la uso kwenye ubao. Lakini Mama alikuwa amekaa chini, koti lake la kujifunikia liko mbali kitini, na Leland asingeweza kuufikia mlango wa uwanjani bila kugeuka upande wetu. Hakuna aliyeweza kusogea. Nilitaka kuliokota shuka, Darrion yumo ndani anapigana nalo. Nikafikiria macho ya Mama, mikono yake inayohesabu nyuzi gizani, nikafikiria karatasi za mkaguzi, nikafikiria Phoenix, vyote kwa pamoja.

Shandiin alivua jaketi lake. Akasimama mbele ya bibi yake akalinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Hakuna aliyemwambia. Talia akavua lake akasimama kando yake. Halafu wote, ukasikia zipu darasa zima, sweta, makoti, kofia, wakajipanga bega kwa bega kutoka ukuta huu hadi ule, majaketi yamegusana juu ya vichwa vyao. Kwa Mama aliyekaa chini, ukuta ulitosha.

Kwa Leland aliyesimama haukutosha. "Mwalimu, piga magoti," akaamuru mtoto mmoja. Na mwalimu wao akapiga magoti.

"Umemwona?" nikamuuliza Leland.

"Nimeona ubao tu," akasema. "Yeye je?"

"Mama, umemwona?"

"Nimeona shuka la kitandani kwenu," akasema Mama ndani ya viganja, "na limetosha."

Pumzi iliyonitoka hapo sijui ilikuwa imekaa wapi. Nikaegemea meza, nacheka kimya kimya peke yangu. Macho yao yalikuwa salama. Mengine yote yangekuwa yatakavyokuwa.

Mikono ya watoto ikaanza kuchoka, majaketi yanashuka. Ndipo Bi. Haverlin alipoweka karatasi zake sakafuni. Akamfungua Darrion, akaliokota shuka, akatafuta msumari asiuone, na mwisho akashika ncha ya kamba mwenyewe, akanyoosha mkono juu kabisa ukutani na kusimama pale. Urefu wake nilikuwa nimeusema sana jikoni. Nilitubu siku ile.

"Endeleeni," akasema.

Watoto wakashusha makoti na kumtazama. Darrion, nywele zimesimama, chanuo bado mkononi, akamkagua kuanzia viatu mpaka vidole.

"Mwalimu," akaita kwa Kinavajo, "huyu mama ameshika kamba. Aende kikapu gani?"

"Cha watu," akasema Talia.

"Lakini kazi anayofanya ni ya msumari."

Nilimtafsiria Bi. Haverlin, nikiomba ardhi ipasuke. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mpaka shuka likatikisika, na akasema kwamba angependa kikapu cha mkono, ila kama kimejaa atakwenda kwenye nyundo. Wakabishana mpaka kengele ikalia.

Watoto walianza kukusanya makoti yao. Bi. Haverlin alikuwa bado ameshika kamba, mkono mwingine umeushikilia wa kwanza kwa uchovu. Alitazama huku na huku, na nadhani alikuwa amekwisha kuizoea desturi ya lile darasa, kwa sababu hakuzungumza na shuka. Alimwita mtoto aliyekuwa karibu. Alikuwa Shandiin, hakujua ni wa nani.

"Nenda umwambie mwalimu wako," akamwambia, "kwamba leo nimeona darasa. Mwambie mkataba wake utaendelea, nitaandika hivyo leo hii. Mwambie pia mkono unaniuma."

Shandiin akainama chini ya shuka. Tukasikia kisauti chake upande wa pili.

"Baba, amesema hatuendi Phoenix."

Sikuwa nimemwambia habari za Phoenix. Baba yake hakuwa amemwambia. Tulikuwa tunanong'ona usiku tukidhani amelala, kumbe mtoto wa watu ameubeba mzigo huo peke yake muda wote ule, anakwenda nao shule na kurudi nao.

Hakungoja jibu. Akatoka chini ya shuka, akaenda kwa Mama, akamwambia kwa Kinavajo, mdomo karibu na sikio, "Bibi, tunabaki."

Mama alikuwa anafungafunga vitu vyake. Akaacha. Akamvuta mtoto pajani akamkumbatia na kuficha uso kwenye nywele zake, na mabega yake yakatikisika. Nilimsogelea, maana nilijua atataka nipeleke neno. Akanizuia kwa mkono. Akainua uso, akaugeuzia lile shuka la bluu, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane akazungumza bila mimi.

"Mkwe wangu," akasema. "Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa sana mtaniacha."

Kivuli cha Leland hakikusogea. Bi. Haverlin, asiyejua hata neno moja la lugha yetu, aligeuza uso ukutani, kamba mkononi.

"Na mimi nilikuwa naogopa, Mama," akasema Leland.

Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kidevuni, nikalia kwa raha zangu, na hakuna aliyenituma nimwambie mtu chochote.